Mate ya Koko kwa Kilatini

Nyinyi mnaoanza kazi ya kuchora tatuu, ketini kidogo kwanza. Sitawafundisha kushika mashine, maana mimi sijaishika hata siku moja. Mimi nilikuwa wa kufagia, kuchemsha maji, kupokea wageni na kushika mkono wa yule anayelia. Lakini nilikaa kwa kibanda cha Mutheu, hapa Kitengela, upande wa barabara ya kwenda Namanga, mpaka magoti yakakataa. Na mtu akikaa karibu na sufuria miaka hiyo yote, anajua kilichopikwa hata kama si yeye aliyepika.

Shule niliishia darasa la tatu. Kwa hivyo kichwa changu kilibaki na nafasi, nikaijaza majina. Wa kwanza kuchorwa nikiwa pale alikuwa Nduta wa duka la mbegu, kipepeo begani. Aliyemfuata ni Kimeu, fundi wa mabati, mtu wa kutembea juu ya paa bila kushika chochote. Alitaka jina la binti yake, na akazimia kabla sindano haijamgusa. Nikammwagia maji. Alipozinduka akauliza, "Imeisha?" Mutheu akamwambia, "Kimeu, hata sijafungua wino."

Tulijuana kwa sababu ya taulo, mimi na Mutheu. Mimi ni Mkikuyu wa Murang'a, niliyefuata mume huku wakati Kitengela ilikuwa bado ya swara. Yeye ni Mkamba wa Makueni. Nilikuwa nafulia watu nguo, akaniletea taulo zenye madoa meusi yasiyotoka.

"Mama, wewe unachinja nini chenye damu nyeusi?" nikamuuliza.

Akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia nije nione. Nikaenda kuona, na sikurudi tena kwa kufulia watu.

Niwaambie kuhusu huyo mwanamke, kwa sababu siku hizi naona vibanda vya tatuu vimekuwa vingi kama vya chipsi. Mutheu alikuwa anafungua sindano mpya mbele ya macho ya mteja, ndio mteja mwenyewe aone karatasi ikichanika. Meza ilivalishwa plastiki, glavu zilibadilishwa hata akigusa simu tu. Ukipiga chafya ndani ya kibanda chake, utatoka nje, na utarudi wakati yeye amesahau. Mimi mwenyewe nilitolewa nje mara nyingi kipindi cha vumbi, na mimi ndiye nilikuwa nimefagia.

Alikuwa pia mtu wa kujifunza kutoka kwa kosa. Kulikuwa na kijana anaitwa Parsaloi, mchungaji, tulimchora ngao kwenye mkono. Tukamwambia akae mbali na jua, asioge mtoni, asikwaruze. Akaitikia vizuri. Kumbe kesho yake ilikuwa siku ya kupulizia ng'ombe dawa ya kupe. Alirudi na mkono umevimba kama kibuyu. Mutheu hakumgombeza. Alijigombeza mwenyewe. Tangu siku hiyo, kabla ya kuwasha mashine, aliuliza kila mtu: "Kesho ukiamka unaenda kufanya nini?" Aseme ni kukanda simiti, kuchuna ngozi, kubeba mtoto anayetapika, basi Mutheu anahamisha mchoro mahali pengine au anahamisha siku. Hilo swali mlichukue bure.

Sasa tuje kwa maneno.

Picha ikiharibika kidogo ina dawa. Ndege mwenye bawa fupi unamwekea jani, watu wanasema ni ubunifu. Neno halina jani la kulifunika. Na vijana walianza kupenda maneno ya Kilatini. Waliyaona kwa mikono ya wachezaji mpira, wakayatafuta kwenye simu, wakaja wameyashika kama mtu aliyeokota dhahabu. Mwanzoni Mutheu alikuwa anachora tu kilichoandikwa. Kisha siku moja akakataa. Akaniambia, "Shosho," maana hivyo ndivyo Wakikuyu tunavyomwita nyanya, "ninaweka kitu kwa ngozi ya mtu mpaka kaburini, na sijui ninasema nini. Hiyo si kazi, hiyo ni bahati nasibu."

Ndio akamtafuta Mwalimu Kiarie.

Mwalimu Kiarie alikuwa amestaafu, anaishi Kajiado mjini. Ujana wake alisomea upadre. Hakuumaliza, kwa sababu ya msichana anayeitwa Wairimu, ambaye ndiye mke wake mpaka leo, lakini Kilatini hakikumtoka. Kila Alhamisi alikuja Kitengela kupimwa presha, na akitoka kliniki anapitia kwetu kwa chai. Mutheu alimpa kiti chake mwenyewe. Mzee wa watu, na koti na tai, ameketi katikati ya picha za mafuvu na simba, anapuliza chai.

Waliunda namna yao ya kufanya kazi, na waliiita kurudisha neno nyumbani. Hivi: mteja anakuja na maneno yake ya Kilatini. Haruhusiwi kumwambia Mwalimu yanamaanisha nini. Mwalimu anayasoma peke yake, anasema kwa Kiswahili anachokiona. Kama alichosema ndicho mteja alichokuwa nacho moyoni, neno limefika nyumbani. Kama sicho, Mwalimu anaandika upya. Lakini hata tafsiri yake mwenyewe hakuiamini. Alimpigia simu rafiki yake, Mzee Mutua, waliyesoma naye seminari na wakaikimbia wote. Mutua alikuwa analima vitunguu Kimana. Mwalimu anamsomea kile Kilatini bila kumweleza kitu, na Mutua, amesimama kwenye mfereji wa maji, anasema ameelewa nini. Tuliweka simu kwa spika, tukasikia mpaka jembe.

Mimi nilikuwa napenda hizo Alhamisi kuliko hata Jumapili. Unaona wazee wawili wanashindana kwa upole, kila mmoja anamwogopa Mungu na anaogopa kumharibia mtoto wa mtu mkono. Mwalimu angeweza kusema ninajua, basi. Hakuwahi. Mutheu angeweza kusema mteja ni mteja, lete tuchore. Hakuwahi. Mimi nimeishi sana, na watu wa kusema "hebu tuangalie tena" wakati hakuna mtu amewalazimisha, hao ni wachache.

Basi akaja Lemayian.

Kijana mrefu, wa upande wa ndani huko Kajiado, ndevu zimeanza juzi. Aliponiona mlangoni aliinamisha kichwa, kama watoto wa Kimaasai walivyolelewa, ndio nikiguse. Vijana wa mjini hawafanyi hivyo tena. Nikamgusa kichwa, nikampenda hapo hapo.

Alikuwa anasafiri wiki ile, kwenda kazi ya ulinzi Uarabuni. Nyanya yake, yeye alimwita koko, ndiye aliyemlea. Alikuwa amefariki kabla ya mvua. Lemayian alitaka maneno ya mwisho koko aliyomwambia, yaandikwe kwa Kilatini ndani ya mkono, hapa juu ya kiganja, aende nayo.

"Tuandike na jina lake?" Mutheu akauliza. "Koko alikuwa anaitwa nani?"

Kijana akatazama chini. "Auntie, kwetu aliyekwenda hatumtaji jina."

"Sawa. Na kwa nini Kilatini? Si uandike kwa Kimaa?"

Akafikiria kabla hajajibu. Alisema kanisani kwao kuna jiwe la zamani mlangoni, limechongwa maneno ya Kilatini, na koko kila Jumapili alikuwa analigusa akiingia. Hakujua kusoma. Siku moja aliuliza ni lugha ya watu gani, akaambiwa ni lugha iliyokufa, hakuna mtoto anazaliwa akiiongea. Koko akasema, basi ndiyo lugha ya waliokwenda, hiyo ndiyo tutaongea huko.

"Nikimwandika kwa Kimaa, ni kama ninamwita arudi," Lemayian akasema. "Nataka nimwandikie mahali alipo."

Mutheu aliweka chini kalamu. Mimi nilijifanya nakunja taulo.

Kijana akatoa simu yake. Maneno yalikuwa yameshatafsiriwa, mawili tu, mafupi: te conspui. Ilikuwa Alhamisi, na Mwalimu alikuwa kwenye kiti. Akavaa miwani, akasoma. Akasoma tena. Akamwangalia yule kijana kwa wasiwasi.

"Kijana wangu, nani amekupa haya?"

"Soma tu, Mwalimu. Ulisema tusikuambie."

"Inasema, nimekutemea mate. Na si kutema hivi hivi. Ni mtu amekasirika, anamdharau mwenzake mbele ya watu. Haya ni matusi."

Lemayian akasimama. Kibanda kilikuwa kidogo, akakijaza chote. "Koko hakunitukana."

"Sikusema koko. Nimesema maneno."

"Hayo ndiyo maneno yake. Nimekutemea mate. Ndiyo hayo."

Nyinyi mliozaliwa mjini hamjui, kwa hivyo wacha niwaeleze. Kwa Wamaasai mzee akikupenda anakutemea mate. Mtoto akizaliwa, anatemewa. Kijana akisafiri, anatemewa, kichwani au kwa viganja, matone tu. Ni baraka, na ni ya karibu kuliko maneno, maana ni kitu kimetoka ndani ya mtu. Simu ilikuwa imechukua mate ya koko ikayapeleka kwa watu ambao kwao kumtemea mtu ni kumfanya takataka. Kila neno lilikuwa sawa. Mwanamke ndiye hakuwemo.

Na fikirieni, kijana anaenda nchi za watu, kazi ya kusimama mlangoni na mikono wazi. Siku yoyote angepita mtu mwenye kusoma Kilatini.

Mimi nikaona jibu ni rahisi. "Si muandike tu kwamba alimbariki," nikasema. "Neno la kubariki liko, hata mimi nalisikia kanisani."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Lakini Lemayian akanigeukia, kwa heshima, lakini akanigeukia.

"Shosho, kubariki hata padre anabariki, tena kwa mkono mkavu. Watu mia kwa mara moja. Koko yangu hakunibariki kwa mkono mkavu."

Nje mtu alikuwa anapiga hodi akitaka kutobolewa masikio, Mutheu akamwambia arudi kesho.

Mwalimu akavua miwani. "Nionyeshe," akasema. "Nionyeshe alivyofanya. Mimi natafsiri kitu sijakiona."

"Siwezi, Mwalimu. Mimi ni mtoto. Mtoto hamtemei mtu. Inatoka juu kushuka chini."

Kisha wote wakaniangalia mimi.

Sasa niwaambie kitu. Hata kwetu Murang'a ilikuwepo. Nyanya yangu, Wangarĩ, alikuwa akitutemea mate mikononi tukienda safari. Tulipookoka tukaambiwa ni mambo ya giza, tukaacha, na mimi watoto wangu wote sita sikuwafanyia. Nikamwambia Mwalimu hivyo, kwamba tulikatazwa.

Akasema polepole, "Mama Njoroge, yule kipofu wa kwenye Injili alipakwa nini machoni akaona?"

Nikakumbuka. Mate na udongo. Nimesikia hilo somo tangu nikiwa msichana na sijawahi kulisikia.

Nikainuka. Lemayian akafungua viganja. Na hapo Mutheu, mwanamke wa usafi, akasimama katikati yetu na glavu zake.

"Si ndani ya kibanda changu."

"Mutheu," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, hata kama ni Askofu. Hapa ninafungua ngozi za watu. Mate ni nje. Na akirudi ataosha mikono mpaka kwenye kiwiko, kwa sabuni."

Basi tukatoka nje wote wanne, tukasimama kando ya mtungi wa maji, bodaboda wanatutazama. Nikashika viganja vya yule mtoto. Nilitaka kuonyesha tu. Nakuambieni ukweli, nilitoka pale kwenda kuonyesha. Lakini nilipoviona, vikubwa hivyo, bado na alama za kamba ya ng'ombe, vinaenda mahali ambapo hakuna mtu atamjua ni wa nani, maneno ya nyanya yangu yalikuja yenyewe. Nikasema thaai, ndiyo amani kwa lugha yetu. Nikatema, kidogo sana, kulia na kushoto. Nikamwambia nenda, na urudi.

Alifumba viganja. Machozi yalikuwa yake, sitayasimulia.

Mwalimu alikuwa ametoa kofia. Akasema, "Sasa nimeona." Akaomba kalamu.

Alieleza hivi, na mimi nakumbuka kwa sababu alieleza kwa mtu wa darasa la tatu. Kwamba Kilatini kina neno la kumtemea mtu, na hilo lina hasira ndani yake, huwezi kuitoa. Lakini kina pia neno la mate yenyewe, yakiwa mdomoni tu, na hayo hayana ubaya na mtu. Kwa hivyo hatasema alitema. Atataja mate, kisha atataja kilichofanywa nayo. Akaandika: Saliva sua me benedixit.

Akampigia Mutua wa Kimana, akasoma bila kusema kitu kingine. Tukasikia maji ya mfereji. Kisha ile sauti nzito ya Kikamba.

"Hapo kuna mtu anasema amebarikiwa. Alibarikiwa kwa mate, mate ya yule aliyembariki."

"Ni nani aliyembariki?"

"Haijasema. Hakuna jina, hata kama ni mwanamke au mwanamume haijasema. Lakini Kiarie, mzee ndiye hufanya hivyo. Huyo ni mama yake, au mama ya mama yake. Kwani, nani ameondoka?"

Lemayian alikuwa amesimama karibu na simu. Akasema kwa sauti ya chini, "Amefika." Hakusema limefika, kama neno, alisema amefika, kama mtu.

Mngefikiri imeisha. Mutheu akaleta beseni na sabuni.

"Osha."

"Auntie, hii siwezi kuosha leo."

"Basi leo sikuchori."

"Nimefunga safari kutoka kwetu."

"Na mimi nimefunga sheria. Hiyo kwa viganja vyako haiguswi na sabuni, sawa, nimeelewa, hata mimi mama yangu alikuwa hivyo. Lakini sindano yangu nayo haikaribii mate. Mtu wangu, tufanyeje?"

Wakatazamana. Hakuna kati yao aliyekuwa mkosaji, na hakuna aliyekuwa tayari kulegeza, na mimi nilijivunia wote wawili. Mwishowe Mutheu akachukua karatasi ya zambarau ya kunakilia mchoro kwenye ngozi, akachora yale maneno, akamkunjia kwenye bahasha. "Lala kwetu. Watoto wangu watakupisha kitanda. Kesho hayo mate yatakuwa yameingia ndani yote, hakutakuwa na kitu cha kuosha, ni vumbi tu. Utaosha vumbi."

Alilala kwa Mutheu. Asubuhi aliosha vumbi. Mimi nilimshika mkono wa kushoto wakati wa kulia unachorwa, ingawa hakulia hata kidogo, alikuwa anatazama tu zile herufi zikitokea. Mutheu alichora polepole kuliko nilivyowahi kumwona. Alipomaliza alimuuliza, kama kawaida, "Kesho ukiamka unaenda kufanya nini?"

"Kupanda ndege."

"Basi usiweke begi upande huu."

Hiyo ndiyo kazi tuliyokuwa tunafanya. Kuna kitu sikijui, mimi ninayejivunia majina: jina la yule koko. Sikuuliza, na nikiulizwa leo nitafurahi kwamba sina la kujibu. Lakini nyinyi mkiletewa neno, msiulize tu linaandikwaje. Ulizeni lilisemwa na nani, na mikono yake ilikuwa inafanya nini wakati huo. Kama hamwezi kujua, mpelekeni mteja kwa mtu anayeweza, na msione haya. Mutheu hakuona haya, na hakuna mchoraji barabara hii yote anayemfikia.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, nilikuwa nimeketi mbele ya nyumba nachambua maharagwe. Mtu mzima akaingia getini, shati la kupigwa pasi, nikamjua kwa vile alivyoinamisha kichwa. Lemayian. Alikuwa amekuja likizo. Akanionyesha mkono, maneno yamekaa vizuri, wino haujatawanyika. Aliniambia huko alifanya zamu na Mfilipino mmoja mzee, aliyewahi kukaa seminari kama Mwalimu. Yule mzee alisoma mkono wake siku ya kwanza, bila kuambiwa. Hakucheka. Aliuliza tu, "Bado yuko hai, aliyekufanyia hivi?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia mmoja ametangulia. Mmoja yuko Kitengela."

Nikashika maharagwe yangu. Akasema anarudi huko Jumatatu. Alipiga magoti pale kwa vumbi, na shati lake hilo, akafungua viganja.

Nikamwambia angoje kidogo, kwanza aniletee kikombe cha maji kutoka ndani. Mdomo wa mzee hukauka, na kazi kama hii haifanywi na mdomo mkavu.